Kipande cha Mwisho cha Jicho la Shangazi

Mtu asiniambie mimi mkaidi. Mkaidi ni mkuu wa maabara yetu, aliyeamuru vipande kumi na vinne vya jicho la shangazi yangu vioshwe kwa spiriti, vyote vikatoka vitupu, kisha akanikunjia uso mimi niliyevikata.

Shangazi ndiye aliyenilea. Miaka yake ya mwisho, kila akinitazama aliona doa jeusi katikati. "Masikio yako nayaona," alikuwa akinitania, "na yalivyo mapana, yananitosha." Kabla hajafariki alitia sahihi macho yake yaletwe maabara kwetu akishakufa. "Mwanangu, nitafutie kilichoninyima uso wako. Niahidi." Nikaahidi huku nalia.

Mashine yetu humulika tishu nukta kwa nukta. Kila kitu hurudisha mwanga kwa namna yake, na kompyuta hupaka njano palipo na kolesteroli, tuliyoishuku kuwa ndiyo iliyomharibu macho, na buluu pasipo nayo. Miezi mitano, njano hatukuiona hata chembe. Kwenye friza kikabaki kipande kimoja. Mkuu akasema nacho kikitoka kitupu, tunafunga kazi.

Asubuhi ya siku ya kukipima nilikuwa nyumbani nasugua doa la mafuta kwenye gauni, kwa spiriti. Likatoka. Nikaduwaa na kitambaa mkononi. Lahaula! Kwani kolesteroli si mafuta? Miaka kumi na saba nakata tishu, mkono umezoea: kata, osha, tia rangi. Mashine hii haihitaji tishu itiwe rangi wala kuoshwa, na sisi bado tunaosha tu! Nilijitukana mwenyewe kwanza, kisha mkuu, nikatoka mbio.

Nilimkuta mkuu kashika chupa ya spiriti.

"Hiki hakioshwi," nikamwambia. "Spiriti inayeyusha kile kile tunachokitafuta."

"Dada, utaratibu ni utaratibu."

"Utaratibu umeshakula kumi na vinne. Hiki ukikigusa na hiyo chupa, mimi na wewe tutaonana wabaya."

Akairudisha chupa mezani. "Haya. Kikiharibika, lawama zako."

"Zangu zote!"

Nikakiweka kwenye mashine kama kilivyo. Mstari wa kwanza, buluu. Wa pili, buluu. Wa tisa, ikatokea nukta ya njano, kisha tano, kisha njano ikajaa chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imerundikana kama tope mtaroni. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe nilikuwa naiosha mwenyewe," akasema polepole.

"Na mimi nakusaidia," nikamjibu, nikapiga vigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja mbio wakidhani kumeungua.

Walipomaliza kunikumbatia nikaitazama ile ramani vizuri. Rundo kubwa kuliko yote lilikaa katikati kabisa, mahali jicho linapotumia kuona nyuso za watu. Nikaweka kidole hapo.

"Shangazi, nimekipata," nikasema kwa sauti, wote wakinisikia. "Hiki hapa ndicho kilichokuficha uso wangu."