Ua la Saba

Torun Hedlöv alikuwa na orodha, na ole wako usiijue. Aliibandika kwenye mlango wa kizimba cha Blixt, sungura wake wa kahawia mwenye sikio moja lililolala, akaifunika kwa plastiki ili mvua ya kwetu Jämtland, kaskazini mwa Sweden, isiifute. Chokoleti, hapana. Vitunguu vya kila aina, pamoja na yale majani yake membamba tunayomwagia samaki wa heringi wa siki, hapana. Parachichi, hapana. Viazi vibichi, maganda yake na machipukizi yake, hapana. Majani ya rubarbi hapana kabisa, hata kama wewe shina lake unalichovya kwenye sukari na kulitafuna kutwa. Mkate, biskuti, mbegu za tofaa, maharage makavu, hapana. Mwaka juzi jirani mmoja alimpenyezea Blixt kipande cha andazi la mdalasini, kwa mapenzi tu, na mpaka leo anasalimiwa nusu salamu.

Watu walimwambia anazidisha. Torun naye akawaambia kwamba mbwa akila kibaya hutapika, paka hutapika, na wao wenyewe kila sikukuu wanatapika, lakini sungura hatapiki. Kilichoingia kimeingia.

Ila orodha ile ilikuwa na tundu. Vyote vilivyoandikwa vilitoka jikoni. Mambo ya mbugani hayakutajwa hata kwa neno moja, kwa sababu katika miaka yote sita ya Blixt hakuna mtu aliyemchumia majani isipokuwa Torun mwenyewe, naye hakuhitaji kujiandikia. Tundu hilo lilikaa kimya likingoja mkesha wa sikukuu ya Katikati ya Kiangazi.

Na mkesha wenyewe ulikuja na jua la kupendeza. Kijiji kizima cha Granhälla kilikuwa kwenye uwanja nyuma ya jumba la mikutano, watu na mashada yao ya maua vichwani, wamekwisha kuzunguka nguzo ya sikukuu iliyopambwa maua wakirukaruka kama vyura, wazee kwa watoto, bila haya hata kidogo. Viazi vichanga vilikuwa vimeliwa. Kilichobaki ni kile Torun alichokuwa akikingoja kwa miaka minne: saa kumi kamili, sungura wa klabu ya kijiji washindane kuruka viunzi. Blixt alibakiza mzunguko mmoja tu safi, bila kuangusha ufito hata mmoja, apande daraja la juu kabisa. Na kwa sungura wa kuruka, miaka sita ni umri wa pensheni. Kama si leo, si tena.

Torun ni dereva wa basi la shule, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja asiyetishwa na barafu wala na watoto hamsini. Lakini siku hiyo hakuweza kukaa chini. Alikula bakuli zima la stroberi na hangeweza kukuambia kama zilikuwa tamu. Alikagua mkanda wa kifuani wa Blixt mara tatu. Kila baada ya dakika tano alitazama saa, na kila alipoitazama moyo ulimdunda kwa furaha.

Saa tisa na nusu akaenda kumchukua. Kizimba alikuwa amekiweka kivulini, nyuma ya banda la viunzi, mbali na kelele za kinanda cha akodioni. Alipoinama akamkuta Blixt anatafuna. Hilo si ajabu, sungura kazi yake ni kutafuna. Ajabu ilikuwa uzi mwekundu wa sufu uliokuwa juu ya nyasi kavu, umefungwa fundo, na ndani ya fundo hamna kitu.

Torun aliutambua uzi ule upesi. Ulikuwa wa soksi alizokuwa akifuma shangazi yake Hjördis, dada mdogo wa marehemu baba yake, mjane wa miaka sitini na minane. Akaelewa papo hapo, na kwanza akacheka. Mkesha kama huu, mwanamke asiye na mume huchuma maua saba ya aina saba, huku akivuka nyua saba za malisho, bila kutamka neno. Hunyamaza hivyo mpaka kuche. Usiku huyaweka chini ya mto, na atakayemwota ndiye mumewe. Akisema kitu, au akitaja alichochuma, ndoto imekufa. Ni mambo ya wasichana. Kumbe na shangazi! Ng'ombe hazeeki maini.

Kicheko kilimkauka alipoanza kuokota mabaki ya maua ambayo Blixt aliyavuta ndani kupitia waya wa kizimba. Kichwa cha klova. Petali nyeupe za deizi. Bua tupu la kotmiri ya mwitu. Kipande cha mchunga, bado kinatoa maziwa. Ua la zambarau lililong'atwa. Ua la siagi, lile la njano kali, zima kabisa, maana lina ukali na Blixt si mjinga. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Sita. La saba halikuwapo.

Akainua macho. Hatua ishirini tu kutoka pale, chini ya mibetula, miti ile ya magome meupe, palikuwa peupe kwa maua ya vikengele. Kwetu huku majira ya kuchipua huchelewa, kwa hiyo vile vikengele vidogo vyeupe vyenye majani mapana mawili na harufu ya kulevya bado vinachanua hadi mkesha wa sikukuu. Mtu mzima akivila moyo unamwenda kombo. Sungura wa kilo mbili, usiulize. Mashindano yakamtoka Torun akilini kama hayajawahi kuwapo.

Alimpigia daktari wa mifugo wa zamu, mwanamke mmoja mjini Östersund, mwendo wa saa nzima. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mlete," akasema. "Ila nataka kujua kala nini. Kama ni vikengele, nianze kutayarisha dawa ya moyo sasa hivi, ukifika tu nimchome. Kama siyo, dawa hiyohiyo itamuua. Sibahatishi mimi. Mtafute aliyechuma hayo maua umuulize, na usikate simu."

Torun akabeba kizimba kifuani, simu mfukoni, akakimbia hadi kwenye meza za kahawa. Shangazi Hjördis alikuwa pale, mgongo wima, midomo ameibana. Tangu mchana watu walidhani amenuna, wakawa wanabishana wao kwa wao nani kamuudhi. Torun akainama akamwonyesha uzi mwekundu ndani ya kiganja, mtu mwingine asiuone.

"Shangazi, Blixt kayala. Nitajie la saba tu."

Uso wa Hjördis uliiva mpaka masikioni. Akatikisa kichwa. Si kwamba hakumpenda Blixt. Ni yeye aliyekaa naye majira yote ya baridi Torun alipovunjika mkono. Lakini mezani palikuwa na watu kumi na wawili, wote masikio wazi, na kusema neno moja kulikuwa ni kumwaga ndoto na heshima kwa mkupuo mmoja. Na kama hiyo haitoshi, wakati huohuo akaja Alvar.

Alvar Nordmyr alikuwa mwamuzi wa mashindano na mpiga akodioni, naye amefiwa na mke, mzee mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na ua kifuani kama kila mtu siku ile. Alikuja kuuliza kama Torun yuko tayari, kwa kuwa yeye na Blixt ndio wanaofungua mashindano. Hjördis alipoisikia tu sauti yake akainamia kikombe chake cha kahawa, asiinue macho tena. Hapo Torun alijua ni nani aliyetarajiwa kuotwa juu ya ule mto.

Alimhurumia. Kweli alimhurumia, lakini Blixt alikuwa ameacha kutafuna, na Torun hakujua kama hiyo ni shibe au ndio mwanzo wa mwisho.

"Atakufa, shangazi," akasema mbele za watu. "Sikuchezei. Daktari yuko kwenye simu hapa, anasubiri jina la ua moja."

Hjördis alikitazama kizimba, akamtazama yule sungura na sikio lake lililolala. Kisha akaweka kikombe chini. Sauti ilitoka imekwaruza, kwa kuwa haikutumika tangu asubuhi.

"Klova," akasema, akihesabu kwa vidole. "Deizi. Kotmiri ya mwitu. Mchunga. La siagi. La zambarau. Na vikengele. Niliweka shada juu ya kizimba nikaenda kubadilisha viatu, na niliporudi sikuliona. Nikadhani upepo." Akavuta pumzi, na alipoona ameshazama akaamua kuogelea. "Ndiyo, maua ya ndoto. Mimi, na miaka yangu hii. Na nyua saba nimevuka hapo uwanjani, viunzi vya sungura, kwa sababu nyua za ng'ombe magoti hayataki. Haya, chekeni."

Hakuna aliyecheka. Jirani wa lile andazi la mdalasini alisogeza kiti chake karibu na Hjördis, akamkamata mkono.

Torun hakungoja kuona zaidi. Alishapaza sauti kwenye simu kwamba ni vikengele, ni vikengele, anakuja, na huku anakimbia kuelekea gari. Alvar alimkimbilia kwa miguu yake mirefu, akampita, akafungua mlango wa nyuma, kisha akainama wapokezane kizimba. Nyuso zao zikakaribiana juu ya paa la kizimba, na Torun akapigwa puani na harufu tamu, nzito, ya kulevya.

Akasimama kama aliyegongwa. Akamtazama Alvar kifuani. Kwenye tundu la kifungo cha shati lile jeupe palikuwa na shina moja jembamba lenye vikengele vyeupe, pamoja na majani yake mapana mawili.

"Alvar," akasema polepole, "hilo ua umelitoa wapi?"

"Hili?" Alvar akajitazama. "Kwenye kizimba cha huyuhuyu Blixt. Nilipita saa nane kupima viunzi, nikakuta shada juu. Nikajua mmempamba kwa sikukuu. Nikachomoa moja, nisamehe."

"Umeacha mangapi ya hivi?"

"Hakuna. Lilikuwa hilo tu."

Torun akageuka akapiga kelele uwanja mzima usikie. "Shangazi! Vikengele ulichuma mashina mangapi?"

Hjördis alisimama kule mezani. "Moja moja!" akajibu. "Kila aina moja. Hiyo ndiyo sheria, hata mtoto anajua."

Na kutoka kwenye simu sauti ya daktari ikauliza kama kuna mtu atakayemweleza kinachoendelea huko. Torun alieleza, akilia na kucheka kwa pamoja. Daktari akamwambia hayo mengine ni chakula cha sungura cha siku zote. Aangalie tumbo na kinyesi hadi kesho, ampe maji na nyasi kavu, na Blixt akigoma kula tu apige simu hata iwe saa ngapi. Torun akauliza kwa sauti ndogo kama Blixt anaweza kuruka. Daktari akasema aulizwe sungura mwenyewe.

Sungura mwenyewe aliulizwa. Alipowekwa kwenye nyasi alijinyoosha, akapiga miayo, akadondosha punje nne nzuri za kinyesi, kisha akauelekea mstari wa kuanzia akimvuta Torun kwa kamba. Sijaona jibu lililo wazi zaidi ya hilo.

"Wewe hulileti ua hilo karibu na sungura wangu," Torun akamwambia mwamuzi. "Na mikono ukaoshe."

Alvar alitii. Alilichomoa ua kifuani, akatafuta pa kuliweka, na uwanja mzima ukawa unamtazama. Akatembea hadi meza ya kahawa, akamkabidhi Hjördis.

"Nishikie," akasema, "mpaka nimalize kazi."

Halafu Blixt akaruka. Kiunzi cha kwanza alikipita kana kwamba hakipo. Cha pili, cha tatu, Torun nyuma yake akikimbia huku ameinama, kamba imelegea, pumzi imekata. Watu walianza kuhesabu kwa pamoja, nne, tano, sita, saba, na sikio lile lililolala likawa linapeperuka. Cha nane, cha tisa. Kwenye kiunzi cha kumi, cha mwisho, kucha ya nyuma iligusa ufito. Ufito ukatikisika. Torun alifumba macho, na alipoyafumbua ufito ulikuwa umetulia mahali pake na Blixt alikuwa ng'ambo anajisafisha uso.

"Safi," akasema Alvar, akiinua mkono juu.

Torun alianguka magotini akamkumbatia sungura wake, akalia kwa furaha bila kujificha. Daraja la juu. Blixt, wa miaka sita, na tumbo limejaa maua ya watu. Alipoweza kusimama, jambo la kwanza aliloomba ni kalamu. Pale kwenye mlango wa kizimba akaifunua plastiki, na chini kabisa ya orodha akaongeza mstari: vikengele, hapana, maua ya siagi, hapana, mashada ya shangazi, hapana.

Hjördis alikuja akasoma nyuma ya bega lake. Bado alikuwa ameshika lile shina moja, na shavu bado jekundu. Torun alitaka kumwomba radhi kwa kumvunjia kimya chake. Akamwambia jua bado lipo, maua bado yamejaa mbugani, na viunzi bado vimesimama. Anaweza kuanza upya, na safari hii yeye Torun atasimama kando yake mtu asimsemeshe.

Hjördis alikuwa akimtazama Alvar, aliyekuwa anavaa mikanda ya akodioni mabegani huku anachungulia upande wao.

"Ndoto mpaka ulale, mwanangu," akasema. "Na mimi leo silali."