Gitaa Lililopigwa Vanishi

Mimi ni fundi wa makochi. Mume wangu anaranda, anapiga msasa na vanishi. Mimi nakata vitambaa, najaza sponji, nashona. Karakana ni moja. Yeye yuko upande wa mlangoni vumbi lipate pa kutokea, mimi niko dirishani. Ndoa yetu yote tumekaa hivyo, yeye na mashine yake, mimi na cherehani yangu, tukitaka kuambiana jambo tunapigiana kelele kama watu wanaogombana. Mtaani wanamwita Msasa. Hata wanetu wakiwa wadogo waliwahi kumwita hivyo, akacheka.

Msasa si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikimaliza mtasema nimemsema, na kweli nitamsema. Hanipigi, hanywi, hajawahi kulala nje. Ila ana maradhi mamoja: hawezi kuona kitu kizee akakiacha kilivyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye ndiye aliyeambiwa. Siku moja mama mmoja alileta mlango wa chumbani kwake ubadilishiwe bawaba tu. Ubavuni ulikuwa na mikato ya kisu, alipokuwa akiwapima watoto wake urefu kila mwaka. Msasa akaukwangua wote, ukawa laini kama shavu la bibi harusi. Yule mama akalia palepale kizingitini. Mume wangu akaniambia, "Umeona? Mpaka machozi ya furaha."

Na mimi muziki sikuwa na habari nao. Redio kwangu ilikuwa ya kujua saa ngapi.

Basi akaja mzee mmoja, mkono mmoja unapapasa ukuta, mwingine umekumbatia sanduku jeusi refu lenye kiuno. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Zamani alikuwa mpiga solo wa bendi iliyokuwa ikipiga pale kwenye ukumbi wa dansi wa mtaani kwetu, na watu wakamwachia jina hilohilo, Solo.

"Naambiwa hapa kuna mama anashona vizuri," akasema. "Bitana ya sanduku langu imeoza."

"Mzee wangu, mimi nashona makochi."

"Basi na hiki ni kitu cha kulalia. Pima."

Nikacheka, nikapokea. Kupima ndani ya sanduku lazima kilichomo kitoke. Nikaliinua lile gitaa, nikaliegemeza tumboni mwangu huku natafuta futi kwa mkono mwingine, na kidole gumba kikapita kwenye nyuzi. Halikuwa limechomekwa kwenye umeme wala nini. Lakini lilikuwa na uwazi ndani, lile umbo la zamani, pana, lenye pembe mbili za mviringo mabegani na matundu mawili kifuani yaliyopinda kama mkia wa paka. Likanguruma. Likanguruma ndani ya tumbo langu mimi, mama mzima, bibi wa watu. Nikasimama pale na futi mkononi nimesahau nilichokuwa napima.

Halafu nikalitazama. Katikati lilikuwa rangi ya asali, linakolea kidogokidogo mpaka ukingoni linakuwa jeusi. Pale mkono wake ulipokuwa ukipumzika, rangi ilikuwa imeisha, mti mtupu. Shingoni, katikati ya vile vyuma vyembamba vilivyolala mistari mistari, vidole vyake vilikuwa vimechimba vishimo. Jamani, kazi yangu ni kuficha kuchakaa kwa watu. Kochi likiletwa najua kabisa mwenye nyumba hukaa upande gani na mkono gani hushika kikombe, halafu nalifunika lote na kitambaa kipya, basi, hakuna anayejua tena. Hili halikufunikwa na mtu. Nikalipenda. Sitafuti neno lingine. Nilipendwa nikiwa msichana, nikaolewa, nikazaa, na sikuwahi kushikwa namna ile.

Bitana ingenichukua siku mbili. Niliichelewesha makusudi, nikisema uzi haupatikani. Mzee hakuwa mjinga.

"Mwanangu," akasema, "uzi haupatikani, au wewe ndiye hupatikani?"

Kesho yake akaja na kispika chake kidogo, akachomeka waya, akakaa kwenye kochi la mteja ambalo bado lilikuwa mifupa mitupu, akapiga. Sauti ile siwezi kuieleza. Ilikuwa ya joto. Haikupiga kelele, iliongea, na ilipomaliza kuongea ikabaki hewani kidogo kabla ya kuondoka. Msasa akazima mashine yake. Nikafikiri, naye imemgusa. Kumbe alikuwa anabadilisha karatasi ya msasa.

Mzee akaanza kunifundisha. Mchana, wateja wakipungua, ananipa gitaa, yeye anasikiliza na yale macho yake meupe yametazama dari. Vidole vikaniuma, vikachubuka, vikaota sugu juu ya sugu za sindano. Akasema nina mkono wa cherehani, hauwahi wala hauchelewi, na kwamba wapiga ridhimu wa kweli aliokutana nao maishani mwake hawajai kiganja.

"Wacha kunipaka mafuta, mzee."

"Nikupake mafuta ya nini, kwani unanipikia?"

Ndipo akaniambia lililomleta. Bendi yao ya zamani, wale waliobakia, walikuwa wamepanga kupiga mara moja tena pale ukumbini. Mpiga ridhimu wao alikwisha kufariki. Yeye anakwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, atakaa hospitali na baadaye kwa dada yake mpaka apone. Akirudi anaona, atapiga solo kwa hili gitaa lake, na ridhimu nitapiga mimi, kwa gitaa la ukumbini. "Na nyumbani kwangu bati linavuja," akasema. "Kaa nalo. Lipige kila siku, lisilale. Nataka nikifumbua macho, baada ya uso wa dada yangu, nilione hili. Nimesahau rangi yake, mwanangu. Naijua, lakini nimesahau."

Nilimwahidi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima ukajua. Muuza mbao wa jirani akawa anamtania Msasa kwamba kapata mke mwenza mwenye shingo ndefu. Msasa akacheka tu. Hakuwahi kuniuliza napiga nini. Lakini niliona anatutazama, mimi na gitaa, na sikujua anafikiria nini. Sikumuuliza pia. Tulikwisha kuzoea kutoulizana.

Binti yangu akajifungua, ikabidi niende nikamtunze. Gitaa nikaliacha kabatini, limelala kwenye bitana yangu nyekundu, nikamwambia baba yao, "Hilo la watu, angalia lisiguswe na vumbi."

"Nenda salama," akasema. "Utalikuta."

Nilirudi na mzigo mkononi, sijavua hata viatu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana amevaa shati safi. Shati safi, siku ya kazi! Nyuma yake, kwenye ile kamba anayotundikia miguu ya meza ikauke, palikuwa pananing'inia kitu chekundu, kinang'aa, unaweza kujitazama usoni.

"Nimelitengeneza," akasema.

Nikauliza nini.

"Hili lako. Niliona unavyolipenda. Nikasema, mke wangu asipige kitu chakavu mbele za watu." Akaniongoza kwa mkono, sijui mara ya mwisho alinishika mkono lini, akaanza kunionyesha. Rangi ya zamani kaikwangua yote mpaka kwenye mti. Vanishi kapiga ile ya makabati ya kifahari, mara tano, na kati ya kila mara msasa wa maji. Kile kibao cha plastiki cha chini ya nyuzi, kilichokuwa kimegeuka njano, kakitupa. Vishimo vya shingoni kavijaza. "Na hivi vyuma," akasema, "vilikuwa vimejitokeza, vingekukata vidole. Nimevilaza." Akapitisha kiganja kwenye shingo kunionyesha, laini kabisa, kama mpini wa jembe jipya. Na yale matundu mawili ya kifuani kayaziba kwa unga wa mbao na gundi, kwa ustadi ambao hata mimi sikuona mahali yalipokuwa. "Wadudu wangeingia," akasema.

Asiyejua gitaa ajue hivi: kidole kinabana uzi juu ya vile vyuma, ndipo sauti inapatikana. Ukivilaza, umemng'oa mtu meno.

Nikapiga uzi mmoja. Tak. Kama kugonga meza.

"Nani kakutuma?" nikasema. "Nani kakutuma, wewe mwanamume? Nilikuambia lisiguswe!"

"Lisiguswe na vumbi. Na halikuguswa, nilisubiri mpaka—"

"Umeliua!"

Alinitazama kama mtoto aliyezabwa kofi akiwa amebeba maji. Miaka yote hiyo hajawahi kunitengenezea kitu kwa mikono yake. Hata kitanda tunacholalia ni cha mteja aliyekikataa. Hili ndilo la kwanza. Na nililiona hilo, sikuwa kipofu, lakini hasira ilikuwa imenipanda, nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akavua lile shati safi, akavaa la kazi. "Asante ya punda," akasema, akawasha mashine.

Nililibeba mpaka kwa fundi wa vyombo vya muziki wa pale ukumbini. Akaligeuza, akaligonga mgongoni, akachungulia pale sumaku zinapokaa chini ya nyuzi, vanishi imeingia imeganda. Akaniuliza ni nani aliyefanya. Nikasema sijui. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, la kuvunda halina ubani."

Nikalirudisha kwenye sanduku lake. Kila asubuhi nilijiambia, leo nitampelekea mzee habari kwa dada yake, na kila asubuhi nikashika mkasi nikakata kitambaa. Ningesema nini?

Akaja mwenyewe. Alikuja anatembea katikati ya njia, hapapasi kitu, anasoma vibao vya maduka kwa sauti. Alipofika akanitazama usoni mara ya kwanza tangu tujuane. "Kumbe wewe mweusi hivi!" akasema, akacheka. "Nilidhani maji ya kunde. Na meno yote unayo. Haya, mwanangu, nifungulie. Nifungulie nimwone mwenzangu."

Sikuweza kufungua. Akafungua mwenyewe.

Alitazama muda mrefu. Akaligeuza. Akapitisha vidole shingoni, akaishia juu, akarudi chini, akatafuta matundu kifuani kwa kiganja. Mimi nasubiri. Nilikuwa nimeandaa la kusema: mzee, nisamehe, ni mume wangu, hakujua.

"Hili nini?" akasema.

"Mzee..."

"Hili si langu. Hili la bandia, mwanangu, hili ni kabati. Langu liko wapi?"

Msasa alikuwa amezima mashine. Na mimi nikaona. Nikisema ukweli, gitaa lake limekufa, na ni hili analolishika, na macho aliyofunguliwa kayafungua juu ya maiti. Nisipousema, lipo. Liko mahali fulani na rangi yake ya asali.

"Nimeliuza," nikasema.

Hakupiga kelele. Nilitaka apige kelele.

"Kwa nani?"

"Mpiga solo mmoja alikuwa anapita. Simjui."

"Anajua kupiga?"

"Anajua, mzee. Anajua sana."

"Na hajalifanya kitu? Hajalipaka marangi?"

"Lipo vilevile."

Akaitika kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Niliona limemwingia, na kwamba limempa pa kushika. Halafu akanitazama tena usoni, safari hii kama mtu anayetaka kukariri.

"Nilikuita mwanangu," akasema. "Macho haya, heri yangebaki yalivyokuwa, nisikuone sura. Mwizi wewe. Usinijie ukumbini, usinijie hata mazikoni."

Akaondoka mikono mitupu. Sanduku aliliacha, na bitana yangu ndani yake. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua, muuza mbao hakunitania tena, na mama mmoja akatuma watu waje kuchukua kochi lake ambalo sijalimaliza.

Msasa akatoka nyuma ya mashine yake, vumbi mpaka kwenye kope. Nilidhani atanishukuru. Kusema kweli nilidhani ameelewa, kwamba nimebeba lake pamoja na langu. Akaliokota lile gitaa, akafuta alama za vidole vya mzee kwa pindo la shati lake, taratibu, kama anavyofuta kitu anachokipenda.

"Kwa nini ujiite mwizi bure?" akasema. "Ungemwambia tu ni lake, na kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza. Mzee wa watu angefurahi."