Mhudumu Kwenye Picha

Ikulu ndogo ya zamani ya Njombe ilipogeuzwa makumbusho ya historia ya taifa, Emerensiana alitoka Lupembe na wanakwaya wenzake kwenda kuitazama. Katika chumba cha chakula kulikuwa na picha ya dhifa ya mwaka 1986. Nyuma ya wageni alisimama mhudumu mwenye sinia.

Emerensiana akaisogelea picha. Mhudumu yule alikuwa kaka yake Mikaeli, aliyekwenda vitani Uganda mwaka 1979 asirudi. Nyumbani walimfanyia misa ya marehemu, ingawa mama yao hakukubali kuvaa nguo nyeusi.

“Huyu alikufa,” alimwambia Lightness, binti aliyewaongoza.

“Hapana, bibi. Mzee Mikaeli yuko Makambako. Juzi alikuja hapa.”

Lightness akapiga simu, akampa.

“Kaka, ni mimi, Emerensiana.”

Sauti ya kizee ikauliza, “Mama yupo?”

“Alikufa akikusubiri.”

Mikaeli akaanza kulia. Emerensiana alitaka kumuuliza ilikuwaje akae karibu hivyo miaka yote, lakini kwanza akamwacha alie. Akaketi sakafuni, simu ikiwa sikioni, wanakwaya wakimtazama.