Koti Jeupe la Desimali

Siku tatu nzima Desimali hakula akashiba. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa kuwa tangu utotoni aligawa hata mkate kwa rula. Sasa hesabu zilimgomea. Benki ilimtaka awe mchambuzi wa uwekezaji: mshahara mnono, na bima ya matibabu yake na ya mzazi wake. Chuo kikuu nacho kilimtaka akasomee udaktari wa uchumi, miaka mitano kwa posho ya kufunga mkanda. Benki ilitaka jibu kabla ya saa sita mchana.

Kilichompa jeuri ni mama. Miezi minane alikuwa akimwambia, "Mwanangu, soma huo udaktari. Mimi nitasubiri." Mzazi gani mwingine angesema hivyo? Basi saa nne Desimali akapiga moyo konde, akaiandikia benki kwamba anashukuru lakini hataweza. Akaenda zake kumpa mama habari.

Alimkuta mbele ya cherehani, futikamba shingoni.

"Mama, nimechagua udaktari!"

Mama alipiga kigelegele, kikakatika katikati. Mkono wa kushoto aliouinua ulishuka ghafla, akakunja uso. Kisha akatoa mfuko chini ya meza. Ndani mlikuwa na koti jeupe, jipya, lenye mfuko wa kalamu na mfuko wa kile kidude cha kusikilizia moyo.

"Livae. Haya, funga mlango, daktari wangu, unitazame hapa."

Desimali alilivaa huku akicheka, akidhani ni mzaha. Mama akafungua vifungo vya blauzi. Pembeni mwa titi, karibu na kwapa, palikuwa na uvimbe mgumu, na ngozi yake imejikunja.

"Una muda gani huu?"

"Si tangu uliposema utasomea udaktari? Nikavue nguo mbele ya wageni, na daktari wangu mwenyewe yuko njiani? Wacha wee!"

Jamani, neno moja tu! Desimali alilitamka humo ndani asubuhi na jioni, udaktari, udaktari, na hilo la "uchumi" akalimeza kwa sababu mama lilimpa usingizi. Alitoka nje, akaipigia benki, akaomba, akalia bila haya.

"Pole sana, dada," akajibiwa. "Ulipokataa tulimpigia aliyekufuata. Ameshakubali."

Akarudi ndani.

"Mama, nisamehe. Mimi sitibu watu. Ni udaktari wa uchumi, wa mambo ya bei na biashara. Inuka twende hospitali, sasa hivi."

Mama alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akakosea tundu, akaanza upya.

"Kwa hiyo daktari wa namna hiyo," aliuliza taratibu, "hawezi hata kunishika hapa akaniambia kama ni kitu kibaya?"

Desimali alitikisa kichwa. Bado alikuwa amelivaa lile koti, na lilimkaa sawasawa.