Tumbo la Tajiri

Kama kuna viumbe waliopendwa bure duniani, basi ni ng'ombe wa Mzee Mia. Mke wake hakuwahi kupendwa hivyo, na watoto ndiyo usiseme. Jina la Mzee Mia alijipa mwenyewe, ati ana ng'ombe mia. Alikuwa nao sitini na wawili, mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, lakini nani amwambie?

Aliyezihesabu mbavu hizo tangu utotoni ni binti yake wa kwanza, ambaye sasa alikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio ya mji. Alikulia katika nyumba yenye ng'ombe sitini na chai ya rangi. Maziwa yalikuwa ya ndama, na ndama walikuwa wa kuongeza idadi. Hakuuzwa hata mmoja, hakuchinjwa hata mmoja. Wakifa kwa njaa, baba yake aliwalilia machozi ya kweli, halafu akaingia ndani kuuliza kwa nini ugali umechelewa. Kilima cha nyuma ya nyumba kilikwanguliwa na kwato hadi kikabaki kipara, udongo ukashuka na mvua ukaizika chemchemi iliyokuwa chini yake, na mama yake akawa anafuata maji mwendo wa saa nzima, ndoo kichwani, mgongo ukimuuma. Majani yalipokwisha kabisa, Mzee Mia aliwahamishia ng'ombe wake kwenye jalala la mji. Watu walipomuuliza, alisema ng'ombe ana akili kuliko binadamu, anajua cha kula na cha kuacha.

Asubuhi moja alimleta Tajiri machinjioni kwa binti yake.

Tajiri alikuwa dume jeusi lenye tumbo la kutisha, na ndilo peke yake katika zizi lote lililoonekana kushiba. Mzee Mia alikuwa amekubali kumchinja kwa sababu mwanawe wa mwisho alikuwa anaoa kesho yake na wageni mia tatu walikuwa wamealikwa. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Sababu ya kweli ni kwamba alitaka aonekane anachinja. Ndiyo maana alimburuta hadi machinjioni baba wa bibi harusi, fundi cherehani mpole aliyekuja na futi yake ya kupimia ingali inaning'inia shingoni.

"Mkwe, hebu tazama tumbo hilo," alisema Mzee Mia. "Hilo si tumbo, ni ghala!"

"Naam, ni kubwa," alijibu fundi, kwa sauti ya mtu aliyeacha suruali ya mteja mezani.

Mkaguzi naye alitazama, ila hakutazama tumbo. Alitazama viwiko vya miguu ya mbele jinsi mnyama alivyovitanua nje anapotembea, kama mtu mwenye jipu kwapani. Alitazama uvimbe wa kidarini na mishipa ya shingo iliyojaa. Akapima joto. Lilikuwa juu.

"Baba, huyu anaumwa."

"Anaumwa nini, shibe?" Mzee Mia alicheka peke yake, kisha akaona hakuna aliyemuunga mkono. "Wewe mtoto kazi yako ni muhuri. Nimekuletea ng'ombe, piga muhuri, twende zetu. Miaka yote hiyo unachungulia matumbo ya ng'ombe wa watu, leo la baba yako ndilo lina kasoro?"

Muhuri wenyewe ulikuwa kipande cha chuma cha kuenea kiganjani, na kidau cha wino wa zambarau. Bila alama yake nyama haivuki geti. Akiigonga, watu mia tatu watakula, na mdogo wake atakaa mezani na mke wake akiwa na furaha. Asipoigonga, harusi itakuwa haina nyama, na wa kuaibika si mzee huyu peke yake, ni yule kijana ambaye hakumkosea mtu. Alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote, alimbeba mgongoni mwaka ule chemchemi ilipofukiwa. Kwa hiyo akajiambia, labda ni homa tu. Labda. Aliandika kwenye daftari kwamba dume jeusi linatiliwa shaka, lichinjwe mwisho, peke yake.

Zamu ya Tajiri ilipofika, mchinjaji mkuu alifanya kazi yake, akamchuna, akamning'iniza kwenye kulabu, akapasua tumbo. Mzee Mia alisogea mbele, kamshika fundi mkono, ili aone mafuta.

Hayakutoka mafuta. Ilitoka mifuko ya plastiki. Mchinjaji alivuta, akavuta tena, akaita mwenzake wakavuta wawili. Mifuko myeusi, mifuko ya buluu, kamba za nailoni, vyote vimesokotana kuwa bonge moja lililojaza makarai mawili. Ikatoka kandambili ya mguu wa kushoto. Kikatoka kifuniko cha ndoo.

"Mama mkaguzi," mchinjaji aliuliza bila kutabasamu, "hii tuandike nyama au taka?"

Vijana wa kuosha sakafu waliangua kicheko hadi mmoja akaegemea ukuta. Mkaguzi hakucheka. Alishika kisu chake akafuata alichokihofia, na akakikuta: waya wenye kutu, urefu wa shubiri moja, umetoboa tumbo, umepenya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, umefika kwenye mfuko wa moyo. Aliupasua ule mfuko, usaha ukamwagika kwenye gambuti zake. Harufu iliwasukuma wote hatua mbili nyuma. Akabonyeza nyama ya paja, ikabaki na shimo la kidole, maji yakichuruzika. Hapakuwa na labda tena.

"Inazikwa yote," alisema.

"Kateni hapo penye ubovu," alisema Mzee Mia. "Paja lina kosa gani?"

"Baba, sumu ya usaha imeshaingia kwenye damu. Na damu inafika pajani."

"Watu wamekula vibudu na wakaishi!"

"Ambao hawakuishi huwa hawarudi kusimulia."

Fundi cherehani alikuwa ameziba pua kwa leso. Aliiondoa, akamgusa mzee bega kwa upole. "Usijali, mkwe. Binti yangu hajali nyama kabisa. Tupike maharage. Harusi ni watu."

Alisema kwa wema, na wema huo ulimchoma Mzee Mia kuliko matusi. Maharage! Maisha yake yote alikuwa amewanyima watu maziwa, maji na majani ili siku moja awaoneshe ng'ombe, na hapa fundi nguo anasema hata maharage yangetosha.

Mkaguzi alijaza fomu ya kuzika nyama, akaiweka juu ya meza. "Sahihi hapa. Mwenye ng'ombe."

Mzee Mia aliyatazama makarai, akaitazama kandambili. "Huyu si ng'ombe wangu."

"Baba."

"Wangu hali takataka. Huyu simjui. Andika hana mwenyewe."

Mtu aliyelala zizini mara ngapi kwa ajili ya dume hilo, leo hamjui. Mkaguzi alimdharau baba yake pale pale, waziwazi, na dharau hiyo ikamuuma kama ugonjwa. Hata hivyo alitafuta njia ya kumrudisha. Alitoa kibali cha kusafirishia mifugo, akakiweka kando ya fomu.

"Jina lako hili hapa, wewe ndiye uliyemleta. Ng'ombe akiingia na mtu, halafu mtu huyo akasema si wake, sheria inamhesabu ni wa wizi. Askari yuko getini. Kwa hiyo chagua, Baba. Ni wako, au umemwiba."

Alidhani amembana. Alimsogezea kalamu, karibu kwa huruma.

Mzee Mia alifikiri kidogo sana. Kisha alivuta kifua, akamtazama fundi, akawatazama wale vijana wa kuosha sakafu.

"Andika nimemwiba."

"Baba, utalala ndani. Kesho mwanao anaoa."

"Mwizi wa ng'ombe ni mwanamume pia," alisema. "Andika."

Fundi aliinamisha kichwa, akaanza kuikunja futi yake polepole, akiwaza bila shaka ukoo anaoupelekea bintiye. Mkaguzi aliandika. Akavua aproni, akaichukua fomu, akatembea nayo hadi getini.

Askari aliisoma mara mbili. "Huyu mwizi mnamfahamu?"

"Ni baba yangu."

Askari aliinua macho, akaona haya kwa niaba yake, akarudi kwenye karatasi. Kulikuwa na sehemu moja ambayo haijajazwa.

"Na huyu ng'ombe kamwibia nani?"

"Sisi," alisema mkaguzi. "Andika watoto wake. Na mama yetu."