Kikao cha Moyo wa Mtoto

Kaka yetu mkubwa tunamwita Mwenyekiti. Nyumbani kwetu hata rangi ya mapazia huitishiwa kikao, na kikao asichokalia yeye hakihesabiki.

Kwa hiyo wifi yangu, mke wa mdogo wangu, aliporudi kutoka kliniki na habari kwamba mtoto aliye tumboni ana kasoro ya moyo, mumewe alimpigia simu Mwenyekiti kabla hata mkewe hajaketi. Mwenyekiti alikuwa safarini kikazi. "Msifanye lolote mpaka nije," akasema.

Mimi nilimsindikiza wifi siku ile. Daktari, mwanamke mtaratibu, alituonyesha kwenye skrini. Vali moja ya moyo haikuwa ikifunguka vizuri, damu ilipita kwa shida, na chumba cha kushoto kilikuwa kinaelemewa. Tukiwahi, alisema, ataingiza sindano kupitia tumbo la mama hadi kwenye moyo wa mtoto, kisha puto dogo sana liipanue vali ile. Tukichelewa, chumba kile kitaacha kukua.

"Kuna hatari?" wifi aliuliza.

"Ipo. Mtoto anaweza kutuponyoka pale pale. Ndiyo maana sikulazimishi. Ukiwa tayari, njoo hata kesho."

"Ngoja niongee na nyumbani," wifi akasema.

Mdogo wangu ni fundi makochi, na Mwenyekiti aliporudi tulikutana karakanani kwake, mbele ya nyumba yao, tumekalia makochi ya wateja. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu baba mdogo hakuwepo. Cha pili kiliamua tupate ushauri wa daktari mwingine, rafiki wa Mwenyekiti, ambaye kumbe ni daktari wa meno! Nilicheka, kisha hasira zikanipanda.

"Huyo mtoto anangoja nini, akidi?" nikasema.

"Dada, punguza mdomo," Mwenyekiti akanijibu.

Nikapunguza, Mungu anisamehe. Nikaenda ndani kumsaidia wifi, aliyekuwa akiwamiminia chai.

Cha tatu, mwezi na zaidi tangu siku ya kliniki, kiliafiki sindano kwa kauli moja. Mwenyekiti alitoa machozi, na simsingizii, alikwisha kumpenda mtoto yule. Ingekuwa roho mbaya iliyotuchelewesha, leo ningekuwa na wa kumchukia.

Kesho yake tukaenda sote, msafara mzima. Daktari alipitisha kipimo tumboni, kisha akarudia.

"Chumba cha kushoto kimesinyaa," alisema. "Sindano haitamsaidia tena. Akizaliwa watamfanyia upasuaji, na mwingine, na mwingine tena. Lakini ataishi kwa nusu ya moyo, kama ataishi."

Mwenyekiti akakohoa kidogo kama afanyavyo anapofungua kikao. "Daktari, familia tumeridhia. Tumekuja kukupa ruhusa."

"Ruhusa niliyoingojea ilikuwa ya mama," daktari akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Mdogo wangu alimgeukia mkewe. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Sasa mbona hukusema?"

Wifi alikuwa bado amelala kitandani, anajifuta tumbo polepole.

"Vikao vitatu, mume wangu," alisema. "Nani aliniita? Mimi nilikuwa tayari siku ile ile."