Gamba Bichi

Katika tone la damu ya kaa viliogelea taratibu, viumbe vya seli moja, vyembamba kama punje za mchele, vinyweleo vyao vikipepea bila kuchoka. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Nilibadilisha kioo mara nne nikitumaini hadubini imenidanganya.

"Vipi, daktari wa kaa?" Mama Matangi aliniuliza, ndoo mkononi. "Wanangu wana mafua?"

Nilishindwa kucheka. Alikuwa amewatunza kaa wa kituo kile cha uzalishaji kwa miaka tisa, hadi viganja vikampasuka kwa chumvi. Sasa majike kumi na mmoja walikuwa na mayai tumboni, na mkuu wa kituo alishasema wazi: mayai yasipoanguliwa, kituo kinafungwa.

Wiki tatu nyuma, jike wa kumi na mbili, mgeni, alijivua gamba kwenye tangi la karantini. Alilala laini kama unga uliokandwa, miguu haimbebi. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nihitimu. Nilijua kaa hula gamba lake la zamani ili jipya likomae. Nilijua pia kwamba magamba ya karantini huchemshwa kwanza. Lakini jiko lilikuwa mbali, na yeye alikuwa akipapasa maji kama kipofu anayetafuta mlango. Siku zake za karantini zilikuwa zimetimia, nikamhamishia tangi la wenzake, nyuma ya wavu wa kumkinga, nikamwekea gamba lake bichi. Siku ile nililala usingizi mtamu.

Vijidudu vile hujifungia juu ya mwili wa kaa, vimetulia, hadi siku anapojivua. Hapo huamka, hunywa majimaji yaliyobaki ndani ya gamba, hugawanyika, kisha huogelea kutafuta kaa mwingine. Vingi vya jamii hiyo havina madhara makubwa. Hivi viliingia kwenye damu, na kaa akifikiwa huko haponi.

Mkuu alipopata habari hakuuliza mengi. "Ni huo wavu wako wa mkono, Mama. Unauchovya kila tangi kama kijiko cha mchuzi."

Mama Matangi aliugeuza wavu wake, akaukagua tundu kwa tundu. Alikuwa ameamini.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi. Gamba sikulichemsha. Jiko lilikuwa mbali."

Mkuu alinitazama, akatoka. Mama Matangi aliutundika wavu ukutani.

"Ungeniambia tu jiko liko mbali," alisema, "ningekwenda mimi." Kisha akanirushia glavu. "Vaa, mwanangu. Kazi ni nyingi."

Tuliwatoa majike kumi na mmoja, mmoja mmoja, tukawateketeza pamoja na mayai yao ya rangi ya chungwa. Yule wa kumi na mbili alipona. Vijidudu vyake alikuwa ameviacha kwenye gamba. Matangi yote yalikaushwa isipokuwa moja safi tulilomhamishia yeye. Kituo kilifungwa, tukabaki wafanyakazi wawili wa kumtunza, kwa muda, kama alivyosema mkuu.

Miezi minne baadaye kaa yule alijivua gamba tena. Nililichemsha gamba, macho yangu kwenye saa ya ukutani.

"Limepoa?" Mama Matangi aliuliza. Alilipokea, akaligusisha shavuni mwake kama mtu anayepima joto la mtoto, akanirudishia. "Haya. Mpelekee mwenyewe."

Jiko lilikuwa mbali kweli. Nilitembea polepole, nimelishika kwa mikono miwili.